Bibi Harusi Waliopotea katika Damu ya Ramazani

Dirisha la labo yetu linatazama mashariki, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililopanga kazi. Darubini yetu ya kwanza haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha kupokea jua, na jua la Kasongo lilipoamua kukaa nyuma ya mawingu, hospitali nzima ilingoja pamoja nasi. Nyinyi mliobaki mna taa ya sola. Mnaibonyeza, kisha mnalalamika kwamba inawaumiza macho. Lalamikeni, ni haki yenu. Mimi nimestaafu na nina nafasi ya kuandika.

Mliniomba niandike juu ya kazi. Vyeo sitavigusa, maana nilianza nikiwa mwanamke wa labo na nimemaliza nikiwa mwanamke wa labo, ila mwishoni funguo zilikaa kwangu. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Nitaandika juu ya siku ya kwanza, juu ya Papa Lusangi aliyenifundisha, kisha juu ya damu ya Ramazani, kwa sababu hiyo ndiyo mnayoniuliza kila tunapokutana sokoni, na kila mmoja wenu ameisikia kivyake.

Siku ya kwanza nilifika na diploma yangu ndani ya bahasha na koti jeupe ambalo mama alilishona mwenyewe na kulipiga pasi ya makaa hadi likasimama lenyewe. Papa Lusangi alikuwa mkuu wa labo, mtu wa kijiji cha Wamaza, mrefu, sikio moja halisikii vizuri, viatu vyake vya tairi. Bahasha hakuifungua. Alilitazama koti.

“Koti iko muzuri, mama,” akasema. “Sasa uitundike pale, uoshe hizi vioo.”

Nikaosha vioo mpaka adhuhuri. Wakati ule kioo cha darubini hakikutupwa. Kilioshwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikafutwa kwa kitambaa cha shati la pamba lililozeeka, kwa sababu kitambaa kipya huacha nyuzi, na uzi mmoja chini ya darubini unaweza kukutisha kama mnyoo. Nililia kidogo nyumbani. Mama aliniuliza kama wamenitukana. Nikamwambia hapana, wameniosha mikono.

Rangi ya kupaka damu tulikuwa nayo mara kwa mara. Maji yake ndiyo yaliyokuwa taabu. Maji ya kisima cha hospitali yana tabia yake. Ukichanganya nayo rangi, damu yote inageuka nyekundu na kila chembe inaonekana imekasirika. Papa Lusangi alikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, lakini si ya mwanzo. Alingoja mvua ioshe bati kwanza, ndipo asogeze chombo. Mkiona lile pipa la bluu nyuma ya labo, mjue si la kunawia miguu. Nimewafukuza hapo wengi wenu na sijutii.

Kuhesabu chembe nyeupe tulihesabu kwa mbegu. Mashine ya kubonyeza hatukuwa nayo. Kwenye meza kulikuwa na bakuli tatu: mahindi, maharage na karanga. Jicho likiwa kwenye darubini, mkono unachukua mbegu na kuitupa kwenye sahani, mpaka zifike mia. Mahindi yalikuwa ya chembe zile zenye kiini kilichokatika vipande, ambazo hukimbilia kila palipo na usaha. Papa Lusangi aliziita polisi. Maharage yalikuwa ya zile zenye kiini cha mviringo kinachojaza karibu chembe nzima, limfosaiti kwa jina la shule. Yeye aliziita askari wa kudumu, kwa kuwa zinakumbuka adui ziliyekutana naye zamani. Karanga zilikuwa za zile zenye punje za rangi ya chungwa iliyokolea, nzuri mno, ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo. Hizo aliziita bibi harusi.

Jina hilo lilikaa. Na kwa sababu watu wetu wengi wanalima bila viatu na kunywa maji ya mto, kila kioo kilikuwa na bibi harusi wake. Katika vitabu vya shule ilisemwa ni wachache sana. Papa Lusangi alicheka. “Ile buku iliandikwa na watu wa viatu,” alisema.

Karanga zenye ukungu alizitoa kwenye bakuli na kuzitupa shimoni, hata kama kazi yake ilikuwa kuhesabiwa tu. Nilidhani ni usafi wa mzee. Baadaye nilijifunza kwamba ule ukungu, ukiliwa mwaka hadi mwaka, unaharibu ini, na ukikutana na homa ya ini iliyokaa mwilini tangu utotoni, unazaa kansa.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wetu mgumu. Walikuja kutoka Salamabila, kutoka Wamaza, kutoka hapa mjini, wengi wao wanaume wenye nguvu: upande wa kulia umevimba, ukiugusa ni mgumu, mbavu zinaonekana, macho ya njano. Nyumbani walikuwa wameshaambiwa ni sumu. Sisi tulipima tulichoweza kupima, dokta akaandika, familia ikambeba mtu wake. Nikawa nawakwepa mlangoni. Wachache waliokuwa na uwezo walikwenda mbali na kurudi wamepewa dawa za zamani za kansa, zile zisizochagua. Vioo vyao vilikuwa vitupu, kama shule wakati wa likizo: polisi hakuna, askari hakuna, na homa ndogo tu iliwamaliza.

Papa Lusangi alistaafu, akarudi Wamaza kulima, akafa huko. Aliniachia bakuli na desturi moja iliyonichosha miaka yote. Nilipokuwa bado mwanafunzi wake nilimletea jibu la malaria.

“Ulipata?” akauliza.

“Nilipata, Papa.”

“Na ingine ulipata nini?”

“Ingine sikuangalia. Waliomba malaria.”

“Rudia. Ule mutu hakuleta malaria tu, alileta damu yake yote.”

Nikarudia. Nikawa narudia hata yeye asipokuwapo.

Ramazani sasa. Wengi mnamjua: mfanyabiashara, alipeleka chumvi, sabuni na vitenge Salamabila kwa pikipiki, akiuza kwa wachimbaji. Nyumba yao ya ukoo ilikuwa karibu na msikiti, jirani na kwetu. Alipovimba ubavu, mdogo wake anayeishi Kampala alimwita. Huko wakaona uvimbe kwenye ini, wakasema bado kuna la kufanya. Kulikuwa na dawa mpya, ya kuingizwa mshipani, ghali kupita kiasi. Ndugu wakakaa, wakauza nyumba ya baba yao. Baada ya duru kadhaa za dawa walimruhusu aje nyumbani kupumzika, damu yake ipimwe hapa kila wiki, kisha arudi kwa picha ya ini. Kama uvimbe umekua, dawa ingesimamishwa. Kama umetulia, ingeendelea.

Dokta Jeanne, ambaye mnafanya naye kazi mpaka leo, ndiye aliyenieleza dawa yenyewe. Nilimwuliza kama nitarajie kioo kitupu kama cha wale wa zamani.

“Hapana, Mama Labo. Hii haiue askari. Unajua bariere ya njia ya Salamabila?”

Nani asiyeijua kamba ile, ambapo askari humdai karatasi kila mpita njia?

“Ndani ya uvimbe wa ini askari wanaingia, lakini uvimbe unawaonyesha karatasi: mi mutu wa hapa, muniache nipite. Wanaamini, wanakaa chini, wanalala. Hii dawa inafunika ile karatasi. Sasa wanaanza kumuuliza maswali.”

“Na wakimuuliza mutu muzuri naye?”

“Hiyo njo hatari yake. Wanaweza kushambulia ini nzima, tumbo, ngozi. Ndiyo maana tunamupima.”

Akaniongezea kwamba ini lina walinzi wake wengine, wakubwa, wanaomeza uchafu, na kwamba uvimbe huwashawishi hao nao wauchungie mlango. Dawa nyingine aliyopewa ilikuwa ya kuziba mishipa midogo inayoulisha uvimbe, na mishipa ikitulia askari wanapata njia ya kuingia. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimezitazama chembe zile maisha yangu yote, na sikujua kwamba katika jambo hili zilikuwa zimelala tu zikingoja kuamshwa.

Wiki ya kwanza alikuja akiwa kijiti. Damu yake ilikuwa nzuri: askari wapo, polisi wapo, bibi harusi tele kama mtu yeyote wa kwetu. Nilimwambia Mama Feza, mke wake, kwamba damu imetulia. Hakufurahi sana. Alikuwa akiwatazama watu kwenye benchi la kungojea, namna walivyomtazama mumewe kisha wakaangalia pembeni.

Wiki zilizofuata alianza kunawiri. Mashavu yakajaa. Mama Feza aliingia labo akicheka.

“Mama Labo, angalia bwana yangu! Alirudi toka kule sawa kijiti, leo iko sawa shefu.”

Nami nikacheka: kijiti kimekuwa chifu. Nikamwambia, alhamdulillahi, mwili umerudi. Mtaa wote ulisema hivyo. Kwetu mtu akitoka kuugua, salamu ya kwanza ni mwili wake, na mwili ukijaa hakuna anayeuliza zaidi.

Siku hiyo nilipaka damu yake kama kawaida. Mahindi yalikwenda haraka, yakajaa sahani. Maharage machache. Nikafika mwisho, na bakuli la karanga lilikuwa halijaguswa. Nikadhani nimepaka vibaya. Nikapaka kioo kingine, kwa maji mapya ya mvua. Sikuona bibi harusi hata mmoja. Mtu aliyekulia hapa, anayekula na kunywa na kukanyaga kama sisi, na hana hata mmoja.

Sikujua maana yake. Hilo niliseme wazi, kwa sababu hadithi ya sokoni inanipa akili ambayo sikuwa nayo. Nilidhani labda ile dawa mpya imewaua. Nilichukua vioo viwili, cha wiki ya kwanza na hicho, nikampelekea Dokta Jeanne. Alitazama kimoja, akatazama cha pili, akarudi kwenye cha kwanza. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

“Ramazani amenenepa?”

“Amenenepa sana. Mashavu.”

“Na mikono?”

Nikafikiri. Mikono ilikuwa bado vijiti.

“Mama Labo, kuna mutu anamupatia dexa.”

Mnaijua dexa. Kidonge kidogo, kinauzwa kwenye kila meza ya dawa kutoka hapa mpaka machimboni, na wanawake wetu hukinywa ili wanenepe kabla ya harusi. Ni dawa ya kweli, na mahali pake ni dawa nzuri. Lakini hunenepesha uso kwa kujaza maji na mafuta, na kazi yake yenyewe ni kuwaambia askari wote wa mwili warudi nyumbani walale. Bibi harusi ndio wa kwanza kuondoka. Ndugu walikuwa wameuza nyumba ili askari waamshwe, na ndani ya nyumba ya kupanga kuna mtu aliyekuwa akiwalaza kila asubuhi.

Dokta alitaka kwenda mwenyewe. Nilimwomba anitangulize mimi. Mama Feza nimemjua tangu tukiwa wasichana tunaochota maji pamoja, na kuna maneno mwanamke hayasemi mbele ya stetoskopu. Nilimkuta uani, anachagua karanga kwenye ungo.

Tulisalimiana mpaka tukamaliza watoto wote. Kisha nikamwuliza.

“Mama Feza, mashavu ya bwana yametoka wapi?”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

“Ni chakula.”

“Chakula kinapita kwa mikono pia. Mikono yake haijabadilika. Mi sikuje kukugombeza. Unipatie nione.”

Alijifuta mikono. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kikaratasi chenye vidonge vidogo vyeupe.

“Alipofika toka kule, watu walikuja kumusalimia,” akasema. “Wanaingia, wanamuangalia, wananyamaza. Mumoja akaniuliza ku mulango: mumeisha kuambia familia yenu kule Wamaza? Maneno ya matanga, Mama Labo, na bwana iko anasikia. Wachimbaji nao wakaanza kununua kwa wengine, wanasema Ramazani amekwisha. Njo maana nikatuma Salamabila waniletee vitamini. Wanawake wote wanakunywa. Nilikuwa nasaga, natia ndani ya uji.”

“Yeye anajua?”

“Hajue.”

Nilimweleza, kwa bariere na kwa askari, kama nilivyoelezwa mimi. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Alisukuma ungo pembeni, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Nililia naye. Alikuwa amempenda mumewe kwa njia ambayo mtaa mzima uliipigia makofi, nami nikiwemo.

“Basi leo sitamupatia tena,” akasema akiinuka.

Nikamshika mkono. Dokta alikuwa ameniambia hili mara mbili: dexa haikatwi ghafla. Mwili uliozoea kuletewa husahau kujitengenezea, na mtu anaweza kuanguka na asiinuke. Ipunguzwe pole pole, na dokta awepo.

Ramazani aliambiwa siku iliyofuata, ofisini kwa Dokta Jeanne, sisi wanne. Dokta alikuwa ameshapiga simu Kampala. Dokta wa huko aliuliza kwanza kama ini lina dalili za kushambuliwa, kwa sababu kama askari wangekuwa wameligeukia ini lenyewe, basi dexa hiyohiyo ndiyo ingehitajika. Tulipima, hazikuwapo. Hivyo wakakubaliana: dexa ipunguzwe, safari ya kurudi Kampala iahirishwe kidogo.

Ramazani alisikiliza yote. Alipomtazama mkewe, sikujua niangalie wapi.

“Ndani ya uji?” akauliza.

“Ndani ya uji.”

“Juu ya nini, Mama Feza?”

“Nilikuwa naogopa macho ya watu.”

“Nyumba ya baba tuliiuza juu ya ile dawa.”

Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dokta Jeanne akasukuma karatasi ya dozi katikati ya meza, akasema kwa upole kwamba mtu wa kumpa vidonge hivyo, kimoja kizima, kisha nusu, kisha robo, lazima awe mtu anayejua kusaga vizuri. Halafu Ramazani akaichukua ile karatasi, akampa mkewe.

Mashavu yalishuka. Mtaa ukaona, mtaa ukasema. Safari hii Mama Feza alifanya nisichokitegemea: badala ya kumficha ndani, alimwekea kiti barazani, naye akakaa pembeni yake akichagua karanga, akawatazama wapita njia mpaka wao ndio wakaangalia chini. Biashara ya Salamabila ilipungua. Ijumaa alimtuma msikitini kwa miguu, polepole, na kanzu iliyokuwa kubwa kwake.

Kila wiki nilipaka damu. Maharage yalianza kuongezeka. Bakuli la karanga lilikaa vilevile, na mimi, mwanamke mzima, nikawa napitia kioo kutoka ukingo hadi ukingo nikitafuta rangi ya chungwa kama mtu aliyepoteza pete. Asubuhi moja yenye jua safi nilimwona. Peke yake, karibu na ukingo, amejaa punje zake. Nikachukua karanga moja, nikaitupa kwenye sahani. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikaenda kumwita Dokta Jeanne, akaacha wagonjwa wake akaja, akatazama, akanipiga begani.

Ramazani alirudi Kampala. Picha ilionyesha uvimbe umesinyaa kidogo. Dawa ikaendelea. Sitawaambia kwamba ni sisi, na msikubali mtu yeyote awaambie hivyo. Damu ya kidoleni si damu ya ndani ya uvimbe. Huko ndani askari walifanya nini wakati ule, walilala wangapi, waliamka wangapi, hakuna mtu Kasongo mwenye darubini ya kuona. Dokta wa Kampala mwenyewe alisema hajui kama zile wiki ziliharibu kitu au la. Tulichofanya ni kumwondolea dawa moja kinzani. Uvimbe bado upo, nao unatazamwa.

Siku mliyoniaga mlipika wali na mbuzi, na hotuba zenu zilikuwa ndefu kuliko foleni ya asubuhi. Ramazani alikuja na mkewe kwa pikipiki moja. Mama Feza aliniletea karanga za kukaanga kwenye kopo. Kwa mazoea nilizigeuza kwa kidole nikitafuta ukungu, na yeye akacheka akasema nisijisumbue, amezichagua mwenyewe.

Tulipokaa kula, mama mmoja mgeni, ndugu wa mmoja wenu, alimtazama Ramazani, akainama kwa Mama Feza. Alidhani ananong'ona.

“Bwana yako amekonda sana, dada. Haumupatie chakula?”

Mama Feza alikuwa na kijiko mkononi. Alimaliza kumwekea mumewe nyama, akakirudisha kijiko kwenye sufuria.

“Amekonda, ndiyo,” akasema. “Lakini iko hapa.”

Ramazani akanyoosha sahani aongezewe wali.